Jelikoti yenye ngozi ya mamba, na maswali mengine ya mafundi wa faiba

Safu ya mwezi huu imejaa barua kuhusu jelikoti, yaani koti la rangi linalopakwa kwanza kwenye moldi (kalibu) na kuwa uso wa nje wa kazi. Zimetoka kwa mafundi wa faiba wanaovuta resini, majimaji yanayoganda na kushika nyuzi, kwa ombwe chini ya mfuko wa plastiki badala ya kuipaka kwa brashi na rola. Karibu zote zimeandikwa kati ya Juni na Agosti, wakati wa baridi, na hilo peke yake ni nusu ya jibu. Zilizofanana tumeziunganisha. Asilimia za hadina (kigandishi) humu ni kwa uzito, na hadina tunayoizungumzia ni ile ya majimaji ya MEKP.

Shikamooni. Natengeneza boneti za trekta hapa Uyole, Mbeya. Nilipaka jelikoti saa mbili asubuhi, hadina nikaweka asilimia moja ili isinigandie ndooni. Saa saba mchana nikapanga vitambaa, nikafunga mfuko, resini ikavutika vizuri bila uvujaji. Kesho yake nilipobandua, theluthi ya uso ilikuwa imekunjamana kama ngozi ya mamba, hasa kwenye kona na kwenye bonde la katikati. Je, pampu ni mbovu?

Marahaba. Pampu haihusiki kabisa. Mikunjo hiyo hutokea pale stairini, kiyeyusho kilichomo kwenye resini mpya, inapopenya jelikoti ambayo haijakomaa. Jelikoti inavimba, na kwa kuwa upande mmoja imebanwa na moldi, haina pa kutanukia ila kujikunja yenyewe.

Fundi anayepaka kwa mkono anaweza kuponea chupuchupu na jelikoti kama yako, kwa sababu resini yake inaganda ndani ya dakika 20 hadi 30. Resini ya kuvuta ni nyepesi zaidi, na inacheleweshwa makusudi ili ifike mwisho wa moldi. Hubaki majimaji saa nzima au zaidi, na muda wote huo stairini inaitafuna jelikoti. Ndiyo maana jelikoti iliyokufaa miaka yote kwa brashi inakuangusha siku ya kwanza ya ombwe.

Barua yako imetaja makosa matatu. La kwanza ni baridi. Saa mbili asubuhi mwezi wa saba, kipimajoto cha ukutani kinaweza kusoma nyuzijoto 17 huku moldi iliyolala juu ya saruji ikiwa 11 au 12. Chini ya nyuzi 15 hadina hii hulala. Jelikoti itaonekana kavu, lakini ndani haijashikana, na ikishapoa hivyo mara nyingi haikomai tena hata ukiisubiri. La pili ni hiyo asilimia moja. Kwa nyuzi 18 hadi 22 weka asilimia 2, na usishuke chini ya 1.5. Wala usikimbilie 4 ili kuishinda baridi, maana hadina iliyozidi haipati cha kufanya, inabaki ndani na kuidhoofisha jelikoti na kuigeuza rangi. Baridi huondolewa kwa joto.

La tatu ni unene, na hapo kona zinakusaliti. Brashi huifuta jelikoti kwenye kona na kuirundika pembeni yake. Jelikoti mbichi inatakiwa iwe milimita 0.5 hadi 0.8. Chini ya 0.3 haikomai ipasavyo hata hali ya hewa ikiwa nzuri, kwa kuwa stairini yake yenyewe huvukiza mapema mno. Pima kwa kitana cha kupimia rangi mbichi, na kama huna, pima kwa mizani: gramu 700 kwa mita moja ya mraba. Boneti ya mita 1.5 za mraba inakula kilo 1.05, na hadina yake ni gramu 21, sawa na mililita 18 hivi kwenye bomba la sindano. Makoti yawe mawili, la pili lipigwe la kwanza likiwa limeshika kabisa. Ukilipiga la kwanza likiwa nusu nusu, unapata ngozi ya mamba ileile hata kabla ya resini.

Bonde la katikati lina sababu yake ya ziada. Mvuke wa stairini ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama mahali pa chini kama maji na kuzuia jelikoti ya hapo kukomaa. Simamisha moldi kwa ubavu, au peperusha kwa feni ndogo iliyo mbali kidogo baada ya jelikoti kuanza kuganda. Na ukijaribu kwa kidole, jaribu palepale chini kabisa, si ukingoni ambako ni rahisi kufika. Kidole kinate, kiache alama, lakini kisitoke na rangi. Kwa kazi ya brashi hapo unaendelea. Kwa kazi ya ombwe ongeza saa mbili au tatu.

Utaratibu unaofaa Mbeya wakati wa baridi ni huu: ndoo ya jelikoti na pipa la resini vilale ndani ya chumba, juu ya ubao, tangu jana yake. Moldi itolewe juani kuanzia saa tatu, irudishwe kivulini saa tano ikiwa vuguvugu, ndipo upake. Usipake juani, jelikoti itaganda juu kabla hewa haijatoka. Halafu lipo jambo tunalolirudia kila mwaka: jiko la mkaa halikai ndani ya karakana ya faiba. Mvuke wa stairini unaweza kuwaka kuanzia nyuzi 31, na mkaa unaua kimyakimya hata pasipo moto. Kama unapasha chumba, pasha kabla ya kufungua ndoo, kisha ondoa kila chenye kaa au cheche.

Boneti iliyoharibika usiitupe. Piga msasa namba 80 hadi mikunjo iishe, jaza kwa pati ya poliesta, kisha paka rangi ya gari ya kuchanganya na hadina yake yenyewe, si MEKP. Kupaka jelikoti upya kwa nje kunawezekana, ila kazi ya kuisawazisha itakuzeesha.

Mimi niko Ipogolo, Iringa. Geji yangu ya ombwe haivuki baa 0.83 wakati video zote nazoziona wenzetu wanafika 0.95 na zaidi. Nimebadilisha mafuta ya pampu, nimebadilisha bomba, bado. Ninapobandua kazi nakuta sehemu za jelikoti zina uwazi nyuma, ukibonyeza kwa kidole cha gumba zinapasuka.

Haya ni mambo mawili, usiyachanganye.

Geji yako iko sahihi na pampu yako ni nzima. Geji ya kawaida hupima tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani ya mfuko, na Iringa hewa ya nje yenyewe ni pungufu. Usawa wa bahari ni kama milibari 1,013. Kwenye mita 1,600 za Iringa ni kama 835, Mbeya mjini kwenye mita 1,700 ni kama 825, Njombe kwenye mita 2,000 hivi hushuka hadi karibu 795. Huwezi kutoa hewa ambayo haipo. Wanaotumia geji za mafundi friji, za inchi za zebaki, wasitegemee zaidi ya 24.5 Iringa wala 23.5 Njombe, hata pampu ikiwa mpya kutoka dukani. Kwa hiyo 0.83 kwako ni ombwe karibu kamili, na fundi wa Kyela, kule bondeni karibu na Ziwa Nyasa, anayesoma 0.83 huyo ndiye mwenye uvujaji.

Uvujaji hupimwa kwa muda. Vuta hadi mwisho, funga bomba la pampu kwa koleo, kaa dakika 30 ukitazama. Geji ikirudi zaidi ya milibari 20, tafuta tundu kabla hujachanganya resini. Sikiliza kwa mrija mwembamba wa plastiki ulioutia sikioni, ukipitisha ncha nyingine kwenye utepe wa gundi, hasa pale mfuko unapokunjwa masikio (mikunjo ya ziada) na pale mabomba yanapoingilia. Fanya hivyo pampu ikiwa imezimwa.

Sasa huo uwazi. Kama uko kwenye kona na mapindo, si uvujaji, ni daraja: kitambaa kigumu kimekatiza kona bila kuigusa jelikoti, au mfuko ulikuwa mfupi ukajinyoosha kabla ya kukisukuma ndani. Resini ikajaa au hewa ikabaki, na nyuma ya jelikoti hapana nyuzi. Kata kitambaa kwenye kona kali, pandanisha vipande kwa sentimita 3 hadi 5. Acha mfuko mkubwa kuliko moldi kwa theluthi moja, uukunje masikio mengi. Vuta ombwe polepole, simama nusu ya njia, ingiza kitambaa kwenye kona kwa vidole juu ya mfuko, kisha endelea. Moldi unazochonga mwenyewe zipe kona ya mviringo wa milimita 6 angalau. Kona kali kama ya sanduku haipendwi na jelikoti wala na nyuzi.

Kama uwazi umetapakaa ovyo kwenye sehemu bapa, hapo ndipo urudi kwenye uvujaji, au kwenye bomba la kuingizia resini lililonyonya hewa ndoo ilipoisha. Bana bomba wakati ndoo bado ina vidole viwili vya resini.

Kabla ya kumpa mteja, gonga uso mzima kwa sarafu. Pazuri panalia kavu, penye uwazi panalia kama debe.

Naomba msaada, niko Kyela. Boti yangu ya futi 18 ilitoka kwenye moldi inang'aa kama kioo. Wiki mbili juani, michirizi ya kitambaa ikaanza kuonekana ubavuni kama nguo ya drili. Rangi ni buluu ya giza.

Kwenu tatizo ni kinyume cha Uyole. Resini ya poliesta husinyaa inapoganda, takriban asilimia 7 ya ujazo. Inasinyaa zaidi pale palipo na resini nyingi, yaani kwenye matundu ya mfumo wa kitambaa, pale nyuzi zinapopishana, na nyuzi zenyewe hazisinyai. Kwa hiyo uso unafuata umbo la nyuzi. Ombwe linaongeza shida kwa sababu linakigandamiza kitambaa moja kwa moja kwenye mgongo wa jelikoti, halafu tabaka zote zinaganda kwa mkupuo mmoja na joto lake ni kubwa. Boti yako ilibanduliwa haijamaliza kukomaa, jua likaimalizia. Buluu ya giza ililinyonya jua hilo kuliko ambavyo nyeupe ingelinyonya, na inaonyesha kila kasoro.

Dawa iko kati ya jelikoti na kitambaa. Weka mkeka wa nyuzi zilizokatwa wa gramu 300 kwa mita ya mraba, upakwe kwa mkono kwa resini ya vinili esta, gramu 600 hadi 750 za resini kwa kila mita ya mraba. Piga rola ya chuma hadi viputo viishe, acha ugande, kwangua nyuzi zilizosimama kwa msasa 80, ndipo upange vitambaa vikavu juu yake na kuvuta. Mkeka huo unafanya kazi tatu: unaficha mfumo wa kitambaa, unaikinga jelikoti dhidi ya stairini ya resini ya kuvuta (jamaa wa Uyole asome hapa pia), na kwa chombo cha majini vinili esta hupunguza malengelenge ya baadaye. Ni siku moja ya ziada. Tungekuwa na kanuni moja tu ya kuwapa wanaoanza ombwe, ingekuwa mkeka huu.

Ya pili, usibandue mapema. Iache boti kwenye moldi siku mbili, na kama unaweza ipashe hadi nyuzi 50 kwa saa sita hivi ikiwa bado humo, chini ya turubai jeusi juani, kipimajoto kikiwa kimebandikwa kwenye faiba yenyewe. Ikisinyaa ndani ya moldi inabaki na sura ya moldi.

Hiyo ya sasa, iache imalize kusinyaa miezi miwili mitatu kisha uinyooshe kwa msasa wa maji 400 hadi 1200. Ukiinyoosha leo, michirizi itarudi.

Macho ya samaki na vitundu kama vya sindano. Nimeongeza tina ili ipulizike vizuri lakini ndiyo kwanza vimezidi. Makambako.

Tina ya rangi ya gari haiingii kwenye mshikamano wa jelikoti. Inafungiwa ndani, inatafuta njia, inatoboa. Asetoni vilevile. Kama jelikoti ni nzito, ipashe hadi nyuzi 20 au nunua ile ya kupuliza. Ile ya brashi ni nzito kwa makusudi. Tundu la gani (bunduki ya kupulizia) liwe milimita 2 hadi 3, umbali sentimita 50, mapito matatu mepesi kwa milimita 0.2 hadi 0.25 kila moja, si pito moja zito. Koroga kwa kijiti taratibu. Anayekoroga kwa drili anapiga mayai.

Macho ya samaki, yaani duara ambapo jelikoti imekimbia na kuacha moldi wazi, ni mafuta, maji au silikoni. Mwaga maji ya kompresa kila asubuhi, weka chujio la maji na mafuta karibu na gani. Chunguza nta uliyotumia: nyingine za kung'arishia dashibodi na matairi zina silikoni, na ikishaingia kwenye moldi kuitoa ni kazi ya msasa. Na kwa upepo wa kwenu, funga mlango wa upande unakovumia. Vumbi la barabarani tumeliona likiitwa vitundu mara nyingi.

Mimi si fundi, nina karakana Njombe. Vijana walipaka jelikoti Ijumaa jioni wakarudi Jumatatu. Wamevuta resini kilo 30. Kazi imetoka na ramani: sehemu zina rangi, sehemu zina utando wa resini juu ya rangi. Wananiambia ni jelikoti feki.

Dada, huenda jelikoti haina kosa. Ilibanduka yenyewe kwenye moldi kabla ya resini. Jelikoti huendelea kusinyaa kila saa inayopita, na siku hizo za jua la mchana na baridi kali ya usiku ziliivuta moldi na kuiachia mara kadhaa. Ikaachia kingo. Ombwe lilipowashwa, hewa iliyonaswa chini ya jelikoti ikatanuka na kuinyanyua zaidi, resini ikapita chini yake. Hadina iliyozidi na madimbwi ya jelikoti nene kwenye kona huharakisha jambo hilo.

Waagize hivi: jelikoti ikipakwa, tabaka la kwanza la nyuzi lifuate siku hiyohiyo au ndani ya saa 24. Ijumaa jioni hapakwi kitu. Kabla ya kupanga vitambaa, waitazame kwa taa ya pembeni. Palipobanduka panang'aa tofauti, na ukigusa kingo panalia karatasi. Wakiona hivyo, waing'oe yote kwa hewa ya kompresa na kabari ya plastiki, waanze upya. Utapoteza jelikoti ya kilo mbili tatu badala ya resini ya kilo 30 pamoja na vitambaa vyake.

Tukuyu. Jelikoti inabanduka kwenye faiba kama stika, nzimanzima, na nyuma ni laini kabisa. Muuzaji aliniambia ni nzuri kwa sababu haibaki na unato.

Hapo ndipo ulipouziwa kitu kingine. Hiyo ni topukoti, ya kupaka mwisho kwa ndani. Ina nta inayopanda juu na kuzuia hewa ili uso ukauke bila unato, na juu ya nta resini haishiki. Jelikoti halisi lazima mgongo wake ubaki na unato. Huo unato ndio gundi yako. Jaribu kila ndoo mpya kwenye kipande cha kioo kilichopakwa nta kabla ya kuigusa moldi. Kazi iliyokwisha kubanduka haina kiraka: ondoa yote, piga msasa 80, paka upya.

Kwa mvua za kwenu Rungwe ongeza tahadhari moja. Roli za kitambaa zifungwe kwenye nailoni, na asubuhi uifute moldi kwa kitambaa kikavu ukiitazama dhidi ya mwanga, kwani umande usiouona kwa macho ya haraka huacha ukungu mweupe kwenye jelikoti.

Vitundu vichache tu, kumi au kumi na tano. Naziba vipi bila kupuliza kazi nzima? *(barua nne, Mbeya na Mafinga)*

Panua kila kitundu kwa biti ya milimita 2 au ncha ya kisu hadi kingo ziwe ngumu, maana juu unaona tundu la sindano na chini yake kuna pango. Pangusa vumbi, futa kwa asetoni, subiri dakika kumi. Pima jelikoti gramu 20 na hadina gramu 0.4, ambayo ni mililita 0.35, alama ya 35 kwenye sirinji ya insulini ya vipimo 100. Vaa miwani, tone la hadina likiingia jichoni, suuza kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukatisha, kisha hospitali. Na kama dukani kwenu wanauza pia kobalti (kiharakishi cha resini) peke yake, kamwe isikutane moja kwa moja na hadina, hulipuka.

Dondosha kwa kijiti cha meno hadi ijae na kuvimba nusu milimita, kisha funika kwa selotepu ili hewa isiizuie kukauka juu. Kesho yake toa selotepu, kwangua kwa wembe uliolazwa, nyoosha kwa msasa wa maji 400, 600, 800, 1200 uliozungushiwa kipande cha mbao, malizia kwa kompaundi ya kung'arishia. Rangi italingana tu kama jelikoti ni ya ndoo ileile. Kwa hiyo kila ukifungua ndoo, jaza kichupa kimoja bila hadina, kifunge vizuri, andika tarehe na namba ya ndoo, kiweke mahali pa baridi na giza. Kinadumu miezi mitatu hadi sita.